Simu ya Mradi: Taarifa za Anayeuliza Huishia Wapi?

Fomu ya ridhaa ambayo watafiti huiacha katika maboma ya Kisii na Nyamira huwa na sentensi moja karibu na mwisho: ukiwa na swali au lalamiko, piga simu kwa nambari hii. Mara nyingi nambari huwa mbili, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti. Sentensi hiyo ni ya lazima. Ila ukilisoma pendekezo lenyewe la utafiti, utaona mhojiwa ndiye aliyepangiwa kila kitu: jina lake litageuzwa msimbo, majibu yake yatakaa kwenye tableti yenye nenosiri, karatasi zitafungiwa kabatini na ufunguo utashikwa na mtu mmoja. Kuhusu yule atakayepiga ile nambari, pendekezo kwa kawaida halina neno.

Ni kimya cha ajabu, kwa sababu anayeuliza hubeba taarifa nyeti kuliko anayehojiwa. Mhojiwa amekwisha kutenganishwa na jina lake kabla majibu yake hayajafika ofisini. Anayepiga simu huja na jina, kijiji, ukoo na shida yake, vyote katika pumzi moja, na humwagia yeyote aliyeshika simu. Kama kuna mahali ambapo siri ya utafiti itavuja, ni hapo, wala si kwenye kompyuta ya mtakwimu.

Tuanze na wanaopiga. Wengi hawana lalamiko lolote. Anapiga kijana wa Suneka aliyesikia kwamba mradi unaajiri makarani wa kuhoji watu. Anapiga mzee wa Ogembo anayetaka kujua nauli aliyoahidiwa itatumwa lini. Anapiga mama aliyetolewa damu na hajaambiwa majibu. Wapo pia wasiohusika na utafiti kabisa, waliosikia mtafiti akihojiwa redioni, Egesa FM kwa mfano, wakaona huyo ni mtu wa kuulizwa. Kwao kila mtafiti ni daktari, hata kama shahada yake ni ya udongo. Mtu anayekuita daktari hakufichi kitu. Anakuambia ugonjwa wa mumewe, ugomvi wa shamba na jina la mtoto aliyepata mimba shuleni, kisha anauliza mnaweza kumsaidiaje.

Sasa liweke hilo mahali penyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina takriban watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano ambao kaunti chache za mashambani nchini zinaufikia. Shamba linapakana na shamba, ukoo na ukoo. Ukisema mwalimu mstaafu mwenye wake wawili anayekaa juu ya kituo cha chai fulani kule Kebirigo, umemtaja. Huhitaji kitambulisho chake. Watafiti waliozoea miji mikubwa huona wakifuta jina na nambari ya simu wamemaliza kazi. Hapa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, maelezo matatu ya kawaida yanatosha kumfikisha mtu mlangoni.

Zaidi ya hayo, mradi hauwezi kuendeshwa bila wenyeji. Anayepokea simu lazima ajue Ekegusii, kwa hiyo ni mtu wa hapo hapo, na mtu wa hapo hapo ni binamu wa mtu, shemeji wa mtu, mwumini wa kanisa moja na anayepiga. Sisemi kwamba wenyeji hawawezi kutunza siri. Nimeona wengi wanaoitunza kuliko wageni, kwa kuwa wao ndio watakaobaki kijijini ikivuja. Ninachosema ni kwamba siri imewekwa kwenye moyo wa mtu mmoja mwenye mkataba wa miezi michache, bila maandishi yanayomwongoza afanye nini na alichosikia.

Utafiti kuhusu ukeketaji ndio unaoonyesha ugumu huu waziwazi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta kwamba asilimia 84 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 21. Eneo hili pia limejulikana kwa jambo ambalo Carolyne Njue na Ian Askew waliliandikia ripoti mwaka 2004: kazi iliyokuwa ya mangariba wa kijiji ilikuwa imehamia mikononi mwa wauguzi na wahudumu wengine wa afya, wanaoifanya kwa siri. Tangu hapo watafiti hawajaacha kuja. Na kila mmoja anayekuja huacha nambari ya simu.

Chukua ujumbe wa aina hii. Nimeutunga mwenyewe, lakini aliyewahi kushika simu ya mradi ataitambua sauti yake: “Daktari habari ya leo. Mimi ni mama ya Moraa hapa karibu na soko ya Keroka. Ile maneno ya wasichana mlikuwa mnauliza, kwa shemeji yangu wanataka kufanya hiyo kitu shule zikifungwa. Usiseme ni mimi.”

Hesabu kilichomo. Kuna mwanamke anayeweza kutambulika kwa jina la bintiye na soko lake. Kuna nambari yake ya simu, na nambari ya simu nchini Kenya ni nusu ya kitambulisho: jaribu kuitumia pesa kwa M-Pesa, jina linatokea kabla hujathibitisha. Kuna nyumba ya shemeji. Kuna mtoto ambaye hajui kwamba anatajwa. Kuna uhalifu uliopangwa na wakati wake, yaani likizo. Na mwisho kuna ombi la siri. Hakuna hojaji iliyowahi kukusanya mambo mazito kiasi hicho katika mistari minne, na hakuna kamati ya maadili iliyoulizwa yatunzwe wapi.

Hapo sheria na ahadi vinakutana. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 inamfanya mkosaji mtu yeyote anayejua kwamba kitendo hicho kimefanyika, kinafanyika au kinapangwa, asiripoti kwa maafisa wa usalama. Haimsamehi mtafiti. Upande wa pili kuna ahadi ya usiri iliyoandikwa kwenye fomu ileile iliyobeba nambari ya simu. Baadhi ya miradi hulitatua jambo hili kwa kujifanya haikusikia: ujumbe unabaki bila kujibiwa, likizo inapita. Mingine hukimbilia kwa chifu na simu mkononi, ikamwonyesha ujumbe mzima, jina na nambari vikiwemo. Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili inaweza kumfukuzisha mwanamke kwenye boma la mumewe.

Ukisoma kwa makini, viwili hivyo havigongani kiasi kile vinavyoonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu taarifa kutumiwa bila ridhaa ya mwenyewe pale ambapo wajibu wa kisheria unadai hivyo. Lakini kinachotakiwa kuripotiwa ni hatari inayomkabili mtoto. Jina la aliyeleta habari ni kitu kingine, na mradi uliojipanga unaweza kulipitisha la kwanza bila la pili, moja kwa moja polisi au kupitia simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hailipishwi. Jambo la kufanya mapema zaidi ni kumwambia mpigaji, kabla hajafika mbali: mama, ukinieleza kwamba mtoto yuko hatarini, sitaweza kunyamaza, ila sitakutaja. Sentensi hiyo ingeandikwa kwenye fomu, kando ya nambari, ingemwachia uamuzi mwenye siri.

Labda kuna anayedhani natia chumvi kuhusu majina kuangukia mikono mibaya. Mei 2008, katika kijiji cha Nyakeo, Kisii, kundi la watu liliwachoma moto wazee wasiopungua 11 waliodaiwa kuwa wachawi. Vyombo vya habari wakati ule viliripoti kwamba wanakijiji walidai wameokota daftari katika shule ya msingi, eti lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari la shule, lenye majina. Oktoba 2021 mauaji ya aina hiyo yalirudi, safari hii Marani, ambako wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma zilezile. Wapo watafiti wanaochunguza jambo hili, na wapo watu wanaowapigia simu kusema bibi yetu ametajwa, tufanye nini. Orodha ya simu hizo, ikiandikwa kwenye kaunta buku na kuachwa mezani, ni orodha ya watu waliotuhumiwa uchawi katika kaunti ambayo imewahi kuwaua watu kwa daftari.

Nimeitaja kaunta buku kwa makusudi. Ndicho chombo kikuu cha kutunzia taarifa katika ofisi nyingi za nchi hii, na hakuna mtaalamu wa usalama wa kompyuta anayekiwaza. Kiko getini na kiko mapokezi. Kina safu zilizopigwa kwa rula: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, simu, anakotoka, sababu ya kuja, sahihi. Anayefika wa kumi anaandika chini ya wale tisa na kuwasoma huku akingoja kalamu. Safu ya sababu ndiyo mbaya kuliko zote. Nani alikuwa wa kwanza kuamua kwamba mlinzi wa geti anahitaji kujua kwa nini mama amemfuata mtafiti wa magonjwa ya zinaa? Wakati wa korona, mwaka 2020, hata mikahawa ilitaka jina na simu mlangoni, na tukazoea. Madaftari hayo yako wapi leo, sijamsikia mtu akiuliza.

Sheria haikuwasahau watu hawa, ingawa haiwataji. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu asidaiwe wala kufichuliwa bila sababu taarifa za familia yake na mambo yake ya faragha. Sheria ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo, inahesabu kuwa taarifa binafsi kitu chochote kinachomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Haijali kama kilipatikana kwa hojaji au kwa simu ya kuulizia kazi. Tena orodha yake ya taarifa nyeti ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani: afya, asili ya kabila, imani, mali, hali ya ndoa, na undani wa familia, hata majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa. Kwa kipimo hicho, salamu ya kawaida ya Kigusii inayoanza kwa kueleza wewe ni mtoto wa nani na umeolewa wapi tayari imeingia kwenye orodha.

Watafiti hupenda kukimbilia kifungu cha 53, kinacholegeza masharti kwa ajili ya utafiti, historia na takwimu. Kifungu hicho hakiwafichi hapa. Kinazungumzia taarifa zinazotumiwa kwa utafiti tu na matokeo yasiyomtambulisha mtu. Aliyepiga simu kuuliza nauli hakujitolea kuwa sehemu ya utafiti. Mradi ukitaka kuandika kwamba wapigaji wengi waliuliza juu ya jambo fulani, unaweza kuhesabu simu na kuziweka katika makundi. Ukianza kunukuu ujumbe wenyewe kwenye makala ya jarida, hata bila jina, umemgeuza muulizaji kuwa mhojiwa bila kumwomba. Nalisema hili kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Ujumbe wa simu huwa na utamu ambao majibu ya hojaji hayana.

Mahakama nayo imewahi kulizungumzia suala la jina kukaa karibu mno na habari. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha, akataka majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe misimbo na kuhifadhiwa kwa namna ambayo hayataunganishwa na hali ya mtu. Serikali haikushtakiwa kwa kutaka takwimu. Kosa lilikuwa kuziweka pamoja na majina bila haja. Daftari la simu la mradi hufanya hivyo hivyo kila siku, bila agizo la mtu.

Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo Immaculate Kassait aliishika Novemba 2020, imekwisha kuonyesha kwamba haitishi tu. Septemba 2023 iliipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, kwa kutumia nambari za watu zilizopatikana kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini ya juu kabisa ni milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa mradi wa utafiti wa chuo cha mashambani, hata theluthi ya hiyo ni mwisho wa kazi. Kama mradi una mshirika Ulaya, na mingi inaye, kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data, zilizoanza kutumika 2018, zinaweza kuuhusu pia. Huwa nacheka kidogo ninapoona miradi yenye tangazo refu la faragha kwa Kiingereza cha mawakili, lililoandikwa kumtuliza mwanasheria wa chuo kilicho mbali, huku simu ya mradi pale Kisii mjini ikiwa haina hata nambari ya siri.

Simu hiyo ndiyo ningeiangalia kwanza kama ningekuwa mkaguzi. Imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Sheria inataka kila laini iwe na mwenyewe, na njia nyepesi ni mtafiti msaidizi kwenda dukani na kitambulisho chake. Tangu hapo laini ni yake. Mkataba ukiisha anaondoka nayo, pamoja na WhatsApp yenye ujumbe wa miaka miwili, nakala zikiwa zimehifadhiwa kwenye akaunti yake mwenyewe ya barua pepe. Si mwizi, hakuna aliyemwambia airudishe, na laini ina jina lake. Halafu liko kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa mradi, ambako picha ya ujumbe wa mpigaji hutupwa na swali, “Huyu tunamjibu aje?” Watu kumi na watano wameuona kabla mmoja hajajibu.

Kuna pia idara ya fedha, ambayo watafiti huisahau. Mpigaji akirudishiwa vocha au nauli, jina na nambari yake vinaingia kwenye orodha ya malipo, na sheria ya kodi inataka hesabu zitunzwe miaka mitano. Hivyo mtafiti anaweza kuapa kwamba amefuta kila kitu, na akawa mkweli, huku jina lingali kwenye jalada la mhasibu, likiwa na kichwa cha mradi juu yake. Kichwa kikisema utafiti wa ukeketaji, au wa virusi vya UKIMWI, jalada limekwisha kueleza yaliyobaki. Dawa yake ni rahisi mno kiasi cha kushangaza kwamba haitumiki zaidi: mradi uitwe kwa msimbo katika vitabu vya fedha.

Je, basi kila kitu kifutwe mara swali linapojibiwa? Wengi wa wanaopenda faragha wangesema ndiyo, na kwa simu nyingi wana haki. Aliyeuliza saa za kufungua ofisi hana sababu ya kubaki kwenye kumbukumbu. Waombaji kazi nao wangefutwa mapema. Bahasha zao zina nakala za vitambulisho, vyeti vya mtihani wa kidato cha nne na majina ya wadhamini, na mradi ukifunga ofisi karatasi hizo huishia kufungia njugu sokoni Daraja Mbili. Zichomwe siku ajira inapofungwa, au wenyewe waitwe wazichukue.

Lakini lalamiko ni jambo jingine. Mama aliyepiga kusema mkono wa mwanawe ulivimba baada ya kutolewa damu anastahili kuwa na alama ya kudumu ndani ya mradi, kwa faida yake yeye. Rekodi ikifutwa kwa jina la faragha, anayelindwa ni mradi. Nimesikia usafi wa namna hii ukisifiwa, na siupendi. Sheria inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuzisahihisha, na ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye ana siku 90 za kuyachunguza. Haki hizo hazina maana kama ukiuliza unajibiwa kwamba hatuna kumbukumbu ya kuzungumza nawe. Lalamiko liondolewe kwenye simu siku hiyohiyo, lipewe msimbo, jina liwekwe mahali pengine panapofunguliwa na mtu mmoja anayejulikana, na nakala ya tatizo bila jina iende kwa kamati ya maadili. Lidumu mpaka kamati iufunge utafiti, na kama kuna madhara ya mwili, lidumu muda uleule kama kumbukumbu za utafiti wenyewe.

Limebaki la mradi uliokwisha. Fomu ya ridhaa haiondoki na watafiti. Inabaki ndani ya nyumba, imekunjwa pamoja na kadi za kliniki na karatasi za shamba, na nambari juu yake ingali inasomeka. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa huondolewa, kisha kampuni ya simu humpa mteja mwingine. Miaka mitatu baadaye mama anafungua ile karatasi, anapiga, na anamweleza mtu asiyemjua, pengine mwendesha bodaboda wa Migori aliyenunua laini wiki iliyopita, habari za binti yake. Hakuna aliyedukua kitu, hakuna kanuni iliyovunjwa siku hiyo, na Kamishna hana wa kumtoza faini. Laini ingesajiliwa kwa jina la chuo tangu mwanzo, ingeweza kuhamishiwa ofisi ya kamati ya maadili siku mradi unapofungwa, na simu zake zipokewe na mtu mwenye kiapo. Kuiweka hai kunahitaji vocha ndogo mara kwa mara, ambayo mfadhili hawezi kuilipia baada ya tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo inabidi chuo kiiingize kwenye bajeti yake chenyewe kabla hakijatia sahihi.